Kofia ya Kiberenge

Siku ya kwanza walimsikia kabla hawajamwona. Karakana yao ya kushona sare za shule ilikuwa ghorofa ya tatu, na ngazi zake zilikuwa nyembamba na kali hata wenye mapafu mazuri walifika juu wamenuna. Mtu alikuwa anapanda. Alihema, akatulia, akahema tena. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, watu wakageuza shingo kuutazama mlango.

Akaingia mwanamke wa makamo, mfupi, mnene, mtandio umemporomokea begani na jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Mkononi ameshika mkasi wake mwenyewe, ameuviringishia kitambaa kama mtu aliyebeba mtoto.

"Kiberenge kimeingia stesheni!" alisema Redio.

Redio ndiye aliyekuwa mkata vitambaa. Jina hilo alipewa kwa sababu alianza kusema akiwa ngazini asubuhi na hakuzimwa mpaka taa za karakana zizimwe. Watu wakaangua kicheko. Yule mwanamke aliegemea mlango, akavuta pumzi moja ndefu, akamtazama Redio kuanzia utosini mpaka kwenye ndala.

"Kimeingia, na kinapakia mizigo," alisema. "Nianze na wewe, au nianze na huo mdomo wako? Maana naona peke yake unataka behewa zima."

Kicheko kikahamia upande wa pili. Bosi, mama mwenye karakana, alicheka mpaka akavua miwani. Akampa yule mwanamke kola mbili ashone kwa majaribio, akazigeuza mkononi, akasema aanze kesho. Hivyo ndivyo alivyopata kazi na jina kwa siku moja.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa kwenye meza ya pasi karibu na dirisha, mwanamume wa makamo naye, shule aliishia ya msingi, maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja. Aliisukuma kwa mguu stuli yake mpaka ikamfikia yule mgeni. Mgeni akakaa.

"Ahsante, kaka," alisema.

Akaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa mambo mengi ya dunia hii.

Naye alikuwa na jina lake la karakana. Walimwita Mvuke, kwa sababu, alisema Redio, yupo lakini humshiki, na sauti yake pekee ni ile ya pasi ikigusa kitambaa kibichi. Hakuwa na ugomvi na mtu. Watu walimpenda jinsi watu wanavyopenda kiti kizuri. Bosi alipenda kumsifu kwa wateja kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na Mvuke aliinamisha kichwa, maana alikijua kimya chake mwenyewe, na hakuwahi kusikia kikitoa mshindo wowote.

Kazi ndiyo iliyowaunganisha. Kola hushonwa ikiwa imepinduliwa ndani nje, kisha hugeuzwa, ncha zake zikachokolewa, na hapo lazima ipite kwenye pasi kabla haijapigwa mshono wa juu. Mwanamke yule aliwekwa kwenye kola. Kila alipomaliza fungu, alilibeba mwenyewe mpaka kwenye meza ya dirishani, akasimama pale akingoja, na alipokuwa akingoja alisema. Mvuke alipiga pasi na kusikiliza. Yeye alimwita "dada," mwanamke akamwita "kaka." Karakana nzima ilimwita Kiberenge, naye akaitika bila kinyongo, lakini Mvuke hakuwahi kulitamka jina hilo. Na mwanamke hakuwahi kumwita Mvuke.

Redio hakukosa kuliona jambo hilo.

"Jamani, mmeona mambo ya uhandisi?" alisema siku moja, mkasi juu. "Kiberenge hakiendi bila mvuke!"

Wakacheka mpaka wakagonga meza. Kiberenge akamrushia kibanzi cha chaki na kumwambia akasukumwe yeye na mkewe. Kwake lilipita kama upepo. Kwa Mvuke lilikaa kama mwiba wa samaki kooni. Tangu siku hiyo, mwanamke alipokuja na fungu la kola, Mvuke aliangalia kwanza nani anatazama ndipo akalipokea.

Mambo ya kukimbia yalianza kwa daktari. Daktari alimwambia Kiberenge kwamba presha yake imepanda, na kwamba ngazi zile siku moja zitamshusha bila yeye kupenda. Atembee kila asubuhi. Akatembea. Baada ya muda akaona kutembea kunamchelewesha kazini, akaanza kukimbia vipande vipande, kutoka nguzo hii ya umeme mpaka ile. Watu wa karakana walijua maendeleo yake kwa masikio: mwanzo alikuwa akifika juu anahema kama kawaida, kisha akawa anahema kidogo, na siku moja akaingia kimya kabisa, na Redio akadai waletewe mtu mwingine wa kumcheka.

Kisha tangazo la marathoni likabandikwa ukutani chini ya ngazi. Kila mtu alilipita. Kiberenge akalipita siku kadhaa, halafu siku moja akasimama mbele yake, mkoba begani, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Nimejiandikisha," alimwambia Mvuke, akiweka fungu la kola mezani. Alisema taratibu, kama anaungama. "Zile kilomita zote. Arobaini na mbili."

Mvuke aliinua pasi, akaisahau hewani.

"Kaka yangu wa damu nimemwambia jana," aliendelea. "Unajua kasema nini? Kasema mwanamke wa umri wangu akionekana barabarani na kaptula, basi asimwite tena kaka. Nikamwambia nitavaa suruali. Kasema shida si nguo, shida ni akili. Na mama yetu yuko pale kitandani anasikiliza, akageukia ukutani."

Hakuwa na mume; alikuwa nao hao wawili tu. Mvuke alitaka kusema neno. Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini wake ulikuwa nao, na ulikuwa umemkwama hapo hapo. Akateremsha pasi. Kola ikatoa mvuke.

Kwa kuwa alishindwa kusema, aliamua kununua.

Alikwenda kwenye duka la vifaa vya michezo baada ya kazi. Alifikiria viatu, ndivyo vilivyomjia kwanza, maana mkimbiaji ni viatu. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu mwenye kalamu sikioni, alimuuliza namba.

"Namba ya nini?"

"Ya mguu, baba! Au unamnunulia nyoka?"

Mvuke alijua kipimo cha shingo ya mtoto wa kila darasa. Mguu wa dada huyu hakuujua, na kumuuliza mwanamke ukubwa wa mguu wake kulikuwa, kwake yeye, sawa na kumwomba avue viatu mbele za watu.

"Ni mkeo?" aliuliza mwenye duka, akitaka kusaidia.

"Hapana."

"Dada yako?"

"Ni… wa kazini."

"Aaa-haa," alisema yule mama, na ile "aaa-haa" ilikuwa ndefu kama mtaa. Mvuke alijikuta nje, mikono mitupu, masikio yanawaka moto.

Alirudi mara nyingine. Akashika chupa ya maji, akairudisha. Chupa hata mtoto wa chekechea anayo. Akashika saa, ile inayohesabu mbio, akafikiri: huyu tayari ana watu wengi wa kumhesabia. Akashika soksi, akaziachia upesi kama zimemwuma. Kila kitu kilikuwa ama kidogo mno ama kinasema mengi mno, naye hakutaka zawadi yake iseme zaidi yake.

Mwisho alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Aliuliza.

"Dada," alisema, macho kwenye kola. "Mtu anayekwenda kukimbia… hupewa nini?"

Kiberenge alicheka, kisha akaona hatanii, akaacha. Akatazama nyuma, Redio alikuwa kwenye simu. Akausogelea ukingo wa meza.

"Usininunulie kitu, kaka. Nikuombe jambo moja. Unaijua ile kona ya kituo cha mafuta, inapoanza ile njia ya kupanda? Mbio zinapita pale karibu na mwisho. Mimi nafanya mazoezi pale. Kila nikifika hapo miguu inaniuliza: unakwenda kwa nani? Na mimi sina jibu, nageuza narudi nyumbani." Alipangusa jasho la mvuke usoni. "Simama pale. Nikipita niite. Basi. Kwa sauti nisikie. Ukitaka niite dada, ukitaka niite Kiberenge, sitakasirika. Nikisikia kuna mtu ananiita, nitaijibu ile miguu."

Mvuke aliitikia kwa kichwa.

"Hapana, sema. Hiyo ya kichwa leo siitaki."

"Nitakuita," alisema.

Akatabasamu, mwanamke yule, akaondoka na kola zake, na siku nzima cherehani yake ilikuwa nyepesi.

Lau Mvuke angeishia hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini alilelewa kwamba mkono mtupu haulambwi, na kuna kitu kingine ambacho hakujikiri: kumpa mtu kitu ni rahisi kuliko kumpa sauti. Akarudi dukani mara ya mwisho na kununua kofia. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, yenye ukingo wa kukinga jua, ya kukaa kwenye kichwa chochote bila kuulizwa namba. Aliipiga pasi kwa kitambaa juu yake isiungue, akaitia kwenye mfuko wa karatasi. Mpango wake ulikuwa kumpa pale pale konani, akipita, pamoja na kumwita.

Na kuita alifanya mazoezi. Chumba chake cha kupanga kilikuwa na ukuta mwembamba kama kadi, kwa hiyo alizika uso kwenye mto na kuita humo: "Dada! Kaza! Dada!" Siku moja mto ulimteleza.

"Jirani!" sauti ikatoka upande wa pili. "Kuna mwizi?"

"Hapana," alisema Mvuke.

"Sasa huyo dada akaze nini?"

Hakufanya mazoezi tena.

Jumapili ya mbio alifika konani mapema, wakati wale wenye mbio zao wanapita kama swala, hawagusi lami. Alisimama kando ya pampu, mfuko wake mkononi, akajichagulia nguzo ya kuegemea. Watu walikuwa wachache. Alijipima: hapa naweza. Mbele ya watu hawa nisiowajua, naweza.

Jua likapanda. Wakimbiaji wakaja kwa mafungu, kisha wawili wawili, kisha mmoja mmoja, wale wanaokimbia kwa mabega kwa sababu miguu imekwisha. Ndipo aliposikia nyuma yake sauti aliyoijua.

"Ohoo! Mvuke umetangulia!"

Alikuwa Redio, na nyuma yake nusu ya karakana: mafundi wa vifungo, wa mifuko, wote wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini, wamenunua karanga. Redio ndiye aliyewakusanya. Aliwaambia waje waone kiberenge kikiacha reli.

"Nilijua tutakukuta," alisema Redio, akimzungushia mkono shingoni. "Si nilisema? Hakiendi bila mvuke! Na umeleta zawadi! Hebu tuone."

"Acha," alisema Mvuke. Alisema kweli, lakini ilitoka ndogo, na Redio alikuwa keshauchukua mfuko.

Akaitoa ile kofia, akaishika juu watu waione. Akaivaa. Akabenua tumbo, akavimbisha mashavu, akaanza kukimbia palepale, mikono inazunguka kama magurudumu, "Tuu! Tuu! Shi-shi-shi, nipisheni, presha inapanda!" Mafundi walikufa kwa kicheko. Mmoja alilazimika kushika pampu. Na Redio alijua kuchekesha, hilo huwezi kumnyang'anya. Hata mlinzi wa kituo cha mafuta alicheka.

Wote wakamgeukia Mvuke waone anacheka au la.

Mtu mwenye haya akizungukwa na kicheko hutabasamu, kama mtu anyeshewaye anavyokunja mabega. Hafurahii chochote; anajikinga tu. Mvuke alitabasamu. Na akiwa na tabasamu lile usoni, aliinua macho akamwona dada akiwa ameshapinda kona.

Alikuwa karibu kuliko alivyofikiri. Suruali nyeusi, fulana imemganda mwilini, chumvi nyeupe mashavuni. Hakuwa akikimbia vizuri, lakini alikuwa akikimbia, na macho yake yalikuwa yakitafuta: kwenye nguzo, kwenye pampu, kwa mlinzi. Yakampata. Mvuke aliona uso ule ukianza kufunguka. Kisha macho yakaenda pembeni yake, kwa mtu mwenye kofia nyeupe aliyevimbisha mashavu, anapiga honi; yakapita kwa wenzake wa kazi wanaoshika mbavu; yakarudi kwake yeye, kwenye meno yake.

"Kiberenge!" walipiga kelele wote pamoja. "Kiberenge hicho! Tuu! Tuu!"

Jina lilisikika, tena na kituo kizima. Mvuke alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, dada, neno la silabi mbili ambalo mtoto hulijua kabla hajajua kutembea, amelitamka mara ngapi sijui juu ya meza ya pasi. Halikutoka. Aliinua mkono, na mkono ulikuwa mtupu.

Mwanamke akapita. Hakugeuka. Walimtazama akianza kupanda ile njia, hatua baada ya hatua, na kwa muda hatua zilikuwa za kukimbia. Kisha zikawa za kutembea. Kisha akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, amewapa mgongo. Gari la waandaaji, lile linalookota waliochoka, lilikuwa likija polepole nyuma. Likamfikia, mlango ukafunguliwa. Alisimama kidogo, kama anaulizwa kitu na hana jibu. Akapanda.

"Kiberenge kimekokotwa," alisema Redio, lakini kwa sauti ya chini, na hakuna aliyecheka. Fundi wa vifungo akasema, "Jamani." Redio akavua kofia, akaikung'uta pajani, akamrudishia Mvuke. Ndani ilikuwa na jasho.

Jumatatu Kiberenge alikuja kazini na miguu iliyovimba, akapanda ngazi akishika ukuta, akakaa kwenye kola zake. Redio hakungoja hata avue mtandio. Alikwenda mpaka kwenye cherehani yake, akapiga magoti mbele ya karakana nzima, akashika sikio lake mwenyewe.

"Dada yangu, mimi ni mjinga. Nimezaliwa hivi, na mama yangu alijaribu. Nipige hata na hiyo rula."

Kiberenge alimtazama sana. Akachukua rula, akampiga nayo utosini, siyo kwa nguvu, siyo polepole. "Inuka, unazuia taa," alisema. Watu wakacheka kwa kushukuru. Redio alisamehewa kabla chai haijapoa.

Mvuke aliyaona yote hayo kutoka dirishani. Alikuwa na maneno yake, ameyapanga njiani asubuhi kama kola zilizonyooshwa: kwamba kofia ilikuwa ya kwako, kwamba nilikuja peke yangu, kwamba kile hakikuwa kicheko. Alingoja dada alete fungu ili amwambie. Fungu lilikuja na fundi wa mifuko. La pili lilikuja na fundi wa vifungo. Kiberenge hakuja. Kesho yake vilevile, na mtondo, mpaka karakana ikazoea kwamba kola sasa hutiwa kwenye kikapu, na kikapu hupitishwa mkono kwa mkono mpaka dirishani.

Angeweza kuvuka chumba. Kilikuwa chumba tu, si bahari. Mara kadhaa aliweka pasi chini, na kila mara mtu aliinua kichwa, akaishika tena. Aliyemtukana aliomba radhi kwa mdomo uleule uliotukana. Yeye hakutukana mtu, na kwa hiyo hakuwa na mahali pa kuanzia.

Kukimbia, Kiberenge aliacha. Hilo nalo walilijua kwa masikio: pumzi zake zikaanza kusikika tena ngazini, kidogo mwanzo, kisha kama siku ile ya kwanza. Tangazo la mbio lilibaki ukutani mpaka likafunikwa na tangazo la chumba cha kupanga.

Mvua za mwaka zilipokwisha, Kiberenge alipata kazi kwa watu wa mapazia, upande wa pili wa mji, ghorofa ya chini. Siku yake ya mwisho aliviringisha mkasi wake kwenye kitambaa, akapita meza kwa meza kuaga. Bosi alimkumbatia. Redio alilia kabisa, akamwambia behewa lake litabaki wazi, naye akamwambia alitie mdomo wake, utatosha. Akafika dirishani mwisho.

Mvuke alikuwa ameutoa ule mfuko wa karatasi chini ya meza, ulipokuwa muda wote huo. Kofia alikuwa ameifua, akaipiga pasi upya, ukingo umenyooka. Aliusukuma mfuko juu ya meza kwa mikono miwili, kama alivyoisukuma ile stuli siku ya kwanza.

"Da…" alisema, na safari hii ilitoka, angalau nusu yake.

Mwanamke akaufungua mfuko. Akatazama ndani. Hakuingiza mkono. Akaukunja mdomo wa mfuko vizuri, mkunjo wa fundi, akaurudisha upande wake wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu waonane akamwita kwa jina ambalo wote walimwita.

"Hii nilishaiona, Mvuke," alisema. "Mpe Redio. Ilimkaa."